Kipindi cha Kuazimwa

Jumatano, kipindi cha sita, saa sita mchana. Kwenye ratiba iliyobandikwa kando ya ubao palikuwa na herufi mbili tu: PE. Nilizitazama herufi hizo kwa miaka minne katika shule moja ya upili isiyo mbali na soko la Kombewa, na ukiniuliza leo tulifundishwa nini katika kipindi hicho, nitakujibu bila kusita: hisabati.

Kengele inalia, mwalimu wa hesabu anaingia na chaki mkononi. "Leo nitaazima kipindi chenu cha PE kidogo." Kidogo, ati. Dakika zote arobaini. Wiki inayofuata anakuja wa kemia, kisha wa fizikia ambaye hajamaliza silabasi, na kwa kuwa hakuna mwalimu wa fizikia Kenya hii aliyewahi kumaliza silabasi, huyo tulimzoea. Kitu cha kuazimwa kwa kawaida hurudishwa. Hiki hakikurudi hata siku moja.

Tulilalamika? Wapi. Wengi wetu tulishukuru. Jua la Seme saa sita si la mchezo, na kwa msichana wa miaka kumi na tano kulikuwa na sababu nyingine nyingi za kutotaka kukimbia mbele ya wavulana kwa sketi. Nilipomsimulia baba siku ya kutembelewa, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema. "Vizuri. PE haijawahi kumpeleka mtu chuo." Nikadhani ni maneno ya wazazi tu. Kumbe alikuwa akizungumza kuhusu mguu wake mwenyewe, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Uwanja tulikuwa nao, mkubwa, wenye mteremko kuelekea ziwani, kiasi kwamba timu iliyoshambulia upande wa chini kipindi cha pili ilihesabiwa kuwa imeshashinda. Mwanafunzi alikanyaga uwanja ule kwa sababu tatu. Ya kwanza, yuko kwenye timu ya shule. Ya pili, anaishangilia timu ya shule. Ya tatu, ameadhibiwa: fyeka nyasi kwa slasha kutoka hapa mpaka kwenye goli, ruka kichurachura mpaka kwa dipti, zunguka mara kumi. Ukihesabu vizuri, mazoezi ya viungo tulifanya mengi sana. Tuliyafanya kwa jina la adhabu.

Jambo hili lilinisumbua baadaye, nilipofika Nairobi na kuanza kusikia watu wakisema kwamba shida ni walimu wavivu, au kwamba watu wa kijijini hawajaelewa umuhimu wa michezo. Hawajaelewa? Hawa watu wa ziwa? Hawa ambao Gor Mahia ikifungwa Jumapili, Jumatatu hakuna wa kumsalimia? Sisi hatuna upungufu wa mapenzi ya michezo. Nikaanza kusoma historia ya shule za kwetu, kidogo kidogo, na nilichokiona ni kwamba PE ilifika huku ikiwa tayari imekula chumvi nyingi, na haikufika peke yake.

Anzia Maseno, maana kila kitu cha shule upande huu kinaanzia Maseno. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka mitano baadaye, 1906, mmishenari J. J. Willis wa CMS alianzisha shule pale juu, karibu na mstari wa ikweta. Ilikusudiwa hasa wana wa machifu. Kutoka Seme ilikuwa safari ya miguu ya kupanda kilima, na waliopanda walijua wanakwenda kutafuta nini: kile kinachomwezesha mzungu kukaa mezani huku wengine wakibeba mizigo. Walitaka kitabu. Walipofika wakapewa kitabu, ndiyo, lakini wakapewa na jembe.

Mwaka 1908, shule ikiwa na miaka miwili tu, wanafunzi wa Maseno waligoma. Wanahistoria huutaja kama mgomo wa kwanza wa shule Kenya. Hawakugoma kwa sababu ya chakula wala mtihani wa majaribio kama sisi. Walikataa kazi za mikono. Walikuwa wamekuja kusoma.

Mgomo huo huwa unasimuliwa kama kichekesho cha vijana wavivu, na nadhani wasimulizi wanakosea. Fikiria mwili wa Mwafrika ulikuwa na maana gani mbele ya serikali wakati ule. Ulikuwa wa kulipia kodi. Ulikuwa wa kujenga barabara. Ilipofika vita ya 1914, ulikuwa wa kubeba: maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Nyanza waliingizwa katika kikosi cha wapagazi, wakapelekwa kuwabebea Waingereza mizigo hadi Tanganyika, na wengi hawakurudi. Waliuawa na magonjwa na njaa zaidi ya risasi. Ukipanda matatu ya Kariakor hapa Nairobi, au ukishuka Kariakoo kule Dar es Salaam, unataja jina la kikosi hicho. Kwa hiyo mtu akikuambia shuleni, "Weka kalamu chini, toka nje, tumia mwili," masikio ya watu hawa yalisikia kitu kingine kabisa.

Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, katika vuguvugu lililoitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mstari wa mbele walikuwa watu waliopitia Maseno, kama mwalimu Jonathan Okwiri. Katika madai yao, kupinga kipande na kazi za kulazimishwa kulikaa bega kwa bega na kudai shule ya serikali. Hayo yalikuwa ombi moja: tuachieni miili yetu, tupeni vitabu.

Jibu lilikuja kwa njia ya ajabu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu ya Mwafrika. Ikapendekeza elimu inayofaa maisha ya kijijini: afya na usafi, kilimo, ufundi, maisha ya nyumbani, na burudani. Yote mazuri ukiyasoma leo. Lakini soma kama mzazi wa Seme wa miaka ile, ambaye anajua vizuri kwamba watoto wa walowezi wanasoma Kilatini. Mazoezi ya mwili yaliingia katika gunia moja na jembe, na gunia lote likanuka. Elimu ya mwili ilikuwa elimu ya kukubakiza ulipo.

Hapo kuna jambo la kuchekesha kuhusu Waingereza wenyewe, na sidhani tunalisema vya kutosha. Kwao, mambo haya yalikuwa mawili, na yalikuwa ya matabaka mawili. Katika shule za mabwana, kama Rugby na Eton, kulikuwa na michezo: kandanda, kriketi, kupiga makasia. Huko waliamini kwamba mchezo unajenga kiongozi, wakauchanganya na dini mpaka ukazaliwa Ukristo wa misuli. Katika shule za watoto wa wafanyakazi hakukuwa na michezo ya namna hiyo. Kulikuwa na gwaride. Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, vilipoonyesha kwamba vijana wengi wa mijini hawakufaa kuandikwa jeshini, serikali ilitoa mwaka 1902 mwongozo wa mazoezi ulioiga mafunzo ya askari. Mikono juu, mikono chini, geuka nyuma. Baadaye ukalainishwa, na toleo la 1933 ndilo lililosambaa hadi makoloni.

Vyote viwili vilifika kwetu. Gwaride likapewa watoto wengi wa shule za vijijini, wakiwa wamepangwa mistari uwanjani asubuhi na umande. Michezo ikapewa wale wachache waliotarajiwa kuwa viongozi. Maseno ilimpata Carey Francis mwaka 1928, mwanahisabati aliyeacha kazi yake Cambridge, mkali, mpenzi wa kandanda aliyeingia uwanjani na wavulana mwenyewe. Kabla hajahamia Alliance mwaka 1940, walipita mikononi mwake vijana ambao majina yao yamejaa vitabu vyetu vya historia, Oginga Odinga akiwa mmoja wao. Kwa hao, mpira ulikuwa sehemu ya kufanywa mtu mkubwa. Kwa watoto wa shule ya kijiji, mwili ulibaki kitu cha kunyooshwa.

Dani yangu, mama yake baba, hakupitia lolote kati ya hayo mawili kwa sababu hakupelekwa shule. Lakini alikuwa akitusimulia juu ya olengo, mieleka, na adhula, mpira wa magongo ambao vijana waliuchezea kwenye nyasi ng'ombe wakilisha. Nilimuuliza siku moja nani alikuwa anachaguliwa. Hakulielewa swali. "Kuchaguliwa na nani?" Aliyekuwepo alicheza. Aliyechoka alikaa. Wasichana walikuwa na ngoma zao na michezo yao, na ziwa lilikuwa la kila mtu. Sitaki kuipamba sana enzi hiyo. Mvulana aliyeangushwa kwenye olengo mbele ya wasichana sidhani alijiona yuko peponi. Ila wazo kwamba mtu mmoja asimame pembeni na orodha, aamue nani ana mwili wa kucheza na nani ana mwili wa kushangilia, hilo lililetwa.

Basi uhuru ukaja, na wazazi wetu wakairithi shule kama ilivyokuwa. Mwaka 1980 ikatoka amri ya Rais Moi kwamba PE iwe somo la lazima katika shule zote. Ndipo yale maandishi mawili yalipojipatia nafasi yao ya kudumu kwenye ratiba. Miaka mitano baadaye, 1985, ukaanza mfumo wa 8-4-4, ambao kwa maneno ulikuwa wa kujitegemea na kazi za mikono: useremala, kilimo, sayansi kimu. Lakini mfumo huo ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na mlango ulikuwa mtihani. Masomo mengi yalikuwa na karatasi katika KCSE. PE haikuwa nayo. Amri ya rais ilikuwa na nguvu nyingi miaka ile, bana, watu walifungwa kwa kupinga amri ndogo kuliko hiyo. Bado ilishindwa na karatasi ya mtihani. Hakuna mwalimu mkuu aliyepinga. Wote waliandika PE kwenye ratiba, wakaguzi wakaiona, kila mtu akaridhika, na mwalimu wa hesabu akaingia na chaki.

Kufikia mwisho wa miaka ya themanini serikali ilianzisha sera ya kugawana gharama, na mzazi akabebeshwa sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Hapo hesabu ya mzazi wa Kombewa ikawa rahisi kabisa. Nimeuza mbuzi. Nimekesha ziwani na taa nikivua omena. Mtoto wangu ametembea kilomita tano kuja shule, na jioni atatembea tano kurudi, kisha achote maji. Halafu unaniambia ninalipa karo ili arushwe-rushwe? Mimi siwezi kumcheka mzazi huyo. Mtoto wake hakukosa mazoezi. Alichokosa ni muda wa kukaa chini.

Sasa baba.

Baba alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la 8-4-4: KCPE 1985, fomu wani 1986. Alikuwa winga. Wazee wa kijijini bado humwita kwa jina la mchezaji mmoja wa Gor, ambalo silitaji hapa kwa sababu atajivuna. Mwaka 1987 alikuwa kidato cha pili, na hiyo ndiyo Desemba ambayo Gor Mahia walilichukua Kombe la Washindi la Afrika, mbili kwa mbili kule Tunis na moja kwa moja hapa nyumbani dhidi ya Espérance. Baba aliisikiliza mechi kwenye redio ya jirani akiwa amesimama, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukaa. Anasema usiku ule aliamua.

Shule ikampenda. Timu ilikuwa na meza yake, nyama mara mbili kwa wiki wakati wengine wanakula maharagwe. Alipokosa darasa kwa sababu ya mechi hakuna aliyemuuliza. Alipokosa karo, naibu wa mwalimu mkuu alimficha msimu wote wa mashindano. Wenzake, wale mia tatu ambao hawakuwa kwenye timu, walisimama kando ya uwanja wakiimba. Somo la PE la wale mia tatu, yeye anakumbuka vizuri, lilikuwa ndio muda wa timu kufanya mazoezi.

Kidato cha nne, muhula wa pili, goti likageuka. Hakukuwa na daktari wa timu wala chochote. Alipakwa mafuta na kufungwa kitambaa. Muhula wa tatu karo ikaanza kuulizwa tena. Aliufanya KCSE wa kwanza, ule wa 1989, akapata alama ambayo sitaitaja pia. Mwaka uliofuata shule ilikuwa na winga mwingine.

Alinisimulia haya nikiwa nimeshamaliza chuo, tumekaa Asat tunangoja boti. Hakuwa na uchungu wa kuonekana. Alisema tu, "Walinifundisha kukimbia. Hawakunifundisha kutunza goti." Nikatambua kwamba kile alichokosa ndicho hasa somo la PE lililopaswa kumpa: mwili unafanyaje kazi, unapashwaje moto kabla ya mechi, unapumzishwaje, unaendeleaje kuwa wako ukishaacha kushangiliwa. Yeye alikuwa na michezo yote duniani na hakuwahi kuwa na PE. Mimi sikuwa na hata kimoja. Na bado sote wawili tulikubaliana kwamba kipindi kile kiende kwa hisabati.

Ndiyo maana nasema hatukuiua PE kwa kuchukia michezo. Tuliigeuza michezo kuwa ya waliochaguliwa, kwa namna ileile tuliyoikuta Maseno, tukayabakiza gwaride na slasha kwa wengine. Mashabiki wa dhati ndio waliokuwa na hatia zaidi. Mwalimu mkuu aliyelipa basi kupeleka wavulana kumi na wanane kwenye mashindano ya kaunti ndiye huyohuyo aliyekuwa na mipira mitatu kwa shule nzima, ikiwa imefungiwa stoo isije ikachakazwa na watu wasiojua kucheza.

Wasichana tulipigwa mara mbili. Timu ya netiboli ilikuwapo, lakini mavazi yalikuwa ya kugawana, na kwa wengi wetu siku fulani za mwezi hakukuwa na namna. Sheria ya kutoa sodo bure shuleni ilitiwa saini mwaka 2017, nikiwa nimeshaondoka. Ukichanganya hayo na macho ya wavulana, na mama anayekuambia msichana mkubwa harukiruki, utaelewa kwa nini mwalimu wa kemia alipokelewa kama mkombozi. Nina miaka karibu thelathini na nimejifunza kuogelea mwaka jana, Nairobi, kwa kulipia, mimi niliyezaliwa mahali ambapo ukifungua dirisha unaliona ziwa. Mwalimu wangu alitoka Machakos. Alicheka mpaka akakaa.

Sasa mambo yamebadilika, au yanasema yamebadilika. Mdogo wangu, kitinda mimba, alimaliza Gredi ya Tisa mwaka 2025 katika mfumo mpya. Walipewa njia tatu za kuchagua kwa shule ya upili: sayansi, teknolojia na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Michezo ina mtihani sasa. Baba aliirudia sentensi hiyo kama mara tatu. "Ina mtihani?" Ina. Alinyamaza muda mrefu. Dogo mwenyewe hakutaka; yeye anapenda kompyuta, na mpira anaucheza vibaya kwa furaha kubwa. Akachagua njia ya kwanza. Kwa watoto kama yeye, mpango unasema PE itakuwepo kwa wote, bila mtihani. Unaona? Njia yenye karatasi kwa waliochaguliwa, na kipindi kisicho na karatasi kwa waliobaki. Mimi nilipoisoma nilihisi kama ninasoma 1902.

Januari mwaka huu baba ndiye aliyempeleka kujiandikisha. Alinipigia simu jioni. Walipomaliza mambo ya karo na godoro, alisema, alizunguka nyuma ya madarasa kuuangalia uwanja. Magoli yapo, nyavu hakuna, nyasi zimefika magotini. Akarudi ofisini na ile ratiba mkononi, akaweka kidole juu ya herufi mbili.

"Nikamuuliza dipti, hii inafundishwa na nani?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, mzee, hiyo tutaangalia."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia Jumatano mimi hupita hapa nikitoka ziwani. Saa sita hivi. Nitakuwa nikiangalia pia."